Dubu Alipita, Mtoto Akagoma

Dada yangu alipotupa habari kwamba anatarajia mtoto wake wa kwanza, wengine katika familia walimpongeza na kumwombea heri. Mimi, kwa sababu ambazo mpaka leo sijaweza kumweleza mke wangu akaridhika, nilisimama na kutangaza kwamba nguo za mtoto huyo zitashonwa na mjomba wake. Nikataja na idadi: jozi nane za fulana na suruali. Hadi siku hiyo kazi kubwa kuliko zote niliyopata kuifanya kwa sindano ilikuwa kurudishia kifungo cha shati, na hicho kifungo chenyewe nilikirudishia upande ule ule wenye matundu.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Suruali ya mtu mzima ni kubwa, kwa hiyo kazi yake ni kubwa. Suruali ya mtoto mchanga inaenea kwenye viganja viwili, kwa hiyo kazi yake ni ya jioni moja. Sikujua kwamba katika ushonaji udogo ndio ugumu wenyewe. Mkono wa fulana ya mtoto ni mwembamba mno kuweza kuvishwa kwenye mkono wa cherehani, mapindo yake yanapinda ghafla kabla hujajiandaa, na nusu sentimita ambayo katika koti la mtu mzima haina wa kuijali, katika nguo ya mtu mwenye urefu wa sentimita 50 ni kosa linaloonekana kutoka mlangoni.

Mama mkwe wangu, ambaye ameshona tangu ujana wake na ambaye si msemaji sana, aliniazima cherehani yake pamoja na kijitabu cha maelekezo kilichokuwa kimefungwa vizuri kwa kitambaa. Alinikabidhi akasema, "Mwanangu, soma kwanza." Nikamtii, ila kwa namna yangu. Kijitabu nilikiweka kwenye droo, nikaanza kusoma historia ya cherehani. Ndani ya siku chache niliweza kumweleza yeyote aliyeketi karibu nami kwamba Elias Howe alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya cherehani yake nchini Marekani mwaka 1846, kwamba sindano ya cherehani ina tundu karibu na ncha wakati ile ya mkono ina tundu upande wa butu, na kwamba mwaka 1863 Ebenezer Butterick alianza kuuza violezo vya karatasi vilivyopangwa kwa saizi ili kila mtu aweze kukata nguo nyumbani kwake. Jambo moja tu ambalo sikuweza kulieleza ni namna ya kutunga uzi.

Kwa hiyo nilitunga uzi kwa kubahatisha, na mshono wangu wa kwanza ulikuwa mzuri sana upande wa juu. Nilipokigeuza kitambaa, chini kulikuwa na kichaka cha nyuzi ambacho kuku angeweza kutagia. Kwa kuwa kichaka kilikuwa chini, nilihukumu kwamba kosa liko chini, na kwa muda wa jioni tatu mfululizo niliitesa bobini, kile kigurudumu kinachobeba uzi wa chini, isiyo na hatia: niliitoa, nikaisafisha, nikaigeuza, nikaifungua ile skrubu ndogo iliyo ubavuni mwa kifuko chake, nikaipoteza, nikaitafuta kwa magoti, nikaipata ndani ya kiatu changu. Jioni ya nne, mke wangu, ambaye hakuwa ameombwa ushauri, alikitoa kijitabu kwenye droo na kunisomea kwa sauti ya upole kwamba nyuzi zikifungamana chini, chanzo mara nyingi ni uzi wa juu, hasa pale uzi unapotungwa huku mguu wa kukandamiza kitambaa ukiwa umeshushwa, kwa maana vile visahani vya kubania uzi huwa vimefumba na uzi hauingii katikati yake. Niliunyanyua mguu, nikatunga upya, na mshono ukatoka safi juu na chini. Nilisema kwamba hilo nilikuwa nimeanza kulihisi.

Baada ya ushindi huo hapakuwa na wa kunizuia. Nilipata kiolezo kwenye intaneti, nikakichapa, na printa, bila kuniuliza, ikakipunguza ili kitoshee ndani ya kingo za karatasi. Violezo vya aina hiyo huwa na mraba mdogo pembeni ambao kazi yake ni kumwokoa mtu kama mimi: unaupima kwa rula, na kama umeandikwa kuwa ni wa sentimita 5 basi uwe na sentimita 5 kweli. Niliupima. Ulikuwa na sentimita 4.6. Nilitafakari kidogo, nikajiambia kwamba watoto nao hawazaliwi sawasawa, nikaendelea.

Palikuwa na maelezo mengine mafupi juu ya karatasi, yakisema kwamba kiolezo hicho ni cha kitambaa kinachovutika, kile cha kufumwa kinachotumika kwa fulana. Mimi nilikuwa tayari na pamba ya kawaida, imara, yenye picha za samaki wadogo wa rangi ya samawati, ambayo huwezi kuivuta hata kwa farasi. Nilichukulia neno "kinachovutika" kama pendekezo.

Hapo ndipo lilipokuja wazo ambalo nililiona kuwa la kiwanda kabisa. Badala ya kukata nguo moja, kuishona, kuijaribu na kuona kasoro zake, nitakata jozi zote nane kwa siku moja, kisha nitazishona zote kwa mpigo. Nilitandaza kitambaa sakafuni, samaki wakitazama juu, nikachora kwa chaki kuzunguka kiolezo cha mguu wa suruali mara 16, nikakata mara 16, nikapanga vipande mezani na kumwita mke wangu aje ashuhudie. Alivitazama kwa muda mrefu. Alichukua kipande kimoja, akakilaza juu ya kingine, akakigeuza, akakirudisha.

"Hongera," akasema. "Lakini huyu mtoto atakuwa na mguu wa kulia?"

Ilikuwa miguu 16 ya kushoto. Mtu anayejua kazi hukikunja kitambaa mara mbili kabla ya kukata, au hukigeuza kiolezo kila anapomaliza kipande, ili apate kulia na kushoto. Na kama kitambaa kingekuwa cha rangi moja pande zote, ningegeuza nusu ya vipande na mambo yangeishia hapo bila mtu kujua. Samaki hawakuniruhusu. Mwishowe niligeuza hivyo hivyo, kwa hiyo kila suruali ikawa na samaki wanaoogelea vizuri kwenye mguu wa kushoto, na kwenye mguu wa kulia vivuli vyao tu, kana kwamba bahari upande huo imeingia ukungu.

Sitasema mengi kuhusu wiki iliyofuata. Nitataja tu kwamba siku moja, nilipokuwa nikipinda kiuno cha suruali ya tatu, simu ililia chumba cha pili, nikanyanyuka haraka kwenda kuipokea, na cherehani ikanifuata mpaka ukingoni mwa meza, kwa kuwa nilikuwa nimeshona kwa uangalifu mkubwa suruali ya mtoto, samaki na vivuli vyao, pamoja na pindo la shati nililokuwa nimelivaa.

Shingo za fulana nilizishughulikia kwa huruma ya pekee. Kiolezo kilikuwa kimeacha sentimita 1 ya kukunjia ndani kote, na mbavuni nilikunja sentimita hiyo kikamilifu. Lakini nilipofika shingoni nilimwonea mtoto huruma, nikasema nikunje nusu tu ili nimwachie nafasi ya kupumua. Wasomaji wanaoshona wameshacheka. Ubavuni, kadiri unavyokunja kidogo ndivyo nguo inavyokuwa pana. Shingoni ni kinyume chake, kwa sababu pale hakuna nguo, pana tundu. Ukikunja kidogo, tundu linabaki dogo, na ile nusu sentimita, ukiizungusha duara zima, inaondoa sentimita tatu na kitu. Mimi nilikuwa nikimhurumia mtoto kwa kumkaba.

Wala si kwamba sikufanya majaribio. Nilikuwa na dubu wa kuchezea mwenye kimo cha mtoto mchanga, na kwa bidii ya kisayansi nilimpima kichwa: sentimita 38. Nilikuwa nimesoma kwamba kichwa cha mtoto anayezaliwa huwa na mzingo wa sentimita 35 hivi. Kwa hiyo, nilihitimisha, nguo inayompita dubu itampita mtoto na nafasi kubaki. Nilimvisha dubu fulana zote nane, moja baada ya nyingine, na zote zikapita. Ni kweli kwamba kila mara masikio yalilala na uso ukajikunja kama mtu anayepita kwenye tundu la uzio, lakini dubu hakulalamika hata mara moja. Halikunijia kabisa wazo kwamba kichwa cha dubu kimejazwa sufi, na kwamba kichwa cha mpwa wangu kitakuwa kimejazwa kitu kingine.

Mtoto alizaliwa salama, na alipotimiza wiki tatu tulikwenda kumwona: mimi, mke wangu, mama mkwe, na mfuko wenye jozi nane za nguo zilizopigwa pasi. Nilizipanga juu ya kitanda. Dada yangu alizitazama, macho yakamlenga machozi, akasema, "Mdogo wangu, hizi zote umeshona wewe?" Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mama mkwe alichukua fulana moja, akapitisha vidole vyake shingoni, akanitazama, akairudisha bila kusema neno.

"Tumjaribishe sasa hivi," dada akasema.

Suruali ilipita, na mguu wenye ukungu ulisifiwa kuwa ni mtindo. Kisha ikaja fulana. Iliingia utosini kwa heshima, ikateremka kidogo, ikafika kwenye paji la uso, na hapo ikasimama. Dada aliivuta taratibu upande huu, mke wangu akaivuta taratibu upande ule. Fulana haikushuka, na walipotaka kuirudisha juu, haikupanda pia. Mpwa wangu alikuwa amekaa mapajani mwa mama yake akiwa amevaa kitu kinachofanana na kofia ya mpishi yenye mikono miwili iliyoning'inia kama masikio ya sungura. Hakulia. Alinitazama tu, na kwa mtu mwenye umri wa wiki tatu, ambaye inasemekana haoni mbali zaidi ya sentimita 30 hivi kwa uwazi, alinitazama vizuri sana.

"Mwambie azibe pumzi kidogo," nikashauri. Hakuna aliyenijibu.

Mama mkwe alifungua mkoba wake, akatoa futi ya kamba na mkasi mdogo, kwa wepesi ulionifanya nishuku kwamba alivibeba kwa ajili ya tukio hili hili. Akapima fulana ya pili iliyokuwa kitandani: shingo, sentimita 29. Akapima juu kidogo ya nyusi za mpwa wangu: sentimita 37. Kisha akaingiza vidole viwili kati ya kitambaa na ngozi ili kumkinga mtoto, akaikata fulana ya kwanza mgongoni kutoka shingoni hadi pindoni, na kichwa kikawa huru.

Ndipo alipochukua kutoka kwenye rundo la nguo za dukani fulana ndogo yenye mabega yaliyopandana, akanionyesha. Nilikuwa nimeziona fulana za namna hiyo mara nyingi na kudhani kwamba yale mabega ni urembo. "Haya hufunguka kichwa kikipita, halafu yanajirudi," alisema. "Na nepi ikivuja, fulana huvuliwa kwa kushushwa miguuni, isimpake mtoto usoni." Alikuwa bado hajamaliza sentensi hiyo nepi ilipovuja, na suruali ya samaki, upande wa bahari safi na upande wa ukungu, ikapata maji yake kwa mara ya kwanza.

Ile fulana iliyokatwa mgongoni ilitumika siku hiyo hiyo, na niseme bila majivuno kwamba ndiyo nguo yangu iliyofanya kazi kuliko zote: ilifuta kila kitu. Suruali zilivaliwa kwa mwezi mmoja na nusu, mpaka viuno vikakataa. Zile fulana saba zilizobaki nilirudi nazo nyumbani, na dubu akawa anabadilishiwa kila Jumapili.

Mpwa wangu sasa ametimiza mwaka na nusu. Akija kwetu huenda moja kwa moja kwa dubu, humkalisha sakafuni na kuanza kumvua. Huvuta, huvuta, fulana hufika kwenye masikio ya dubu, hunasa, naye huiacha pale pale, humshika dubu mguu, humburuta mpaka miguuni pangu, na kunikabidhi bila kusema neno. Mama mkwe anasema ametoa tabia hiyo kwake.