Jahazi bila tanga

Jamani, kifurushi cha programu kikiandikwa kiko tayari, basi kiwe tayari! Jana usiku nilikuwa barazani hapa Langoni, Lamu, naandika programu ya mirathi ya Kiislamu kwa Python, lugha ya kuandikia programu: mke ana thumuni marehemu akiacha watoto, robo asipoacha. Kanuni kama hizi ndizo kazi ya Prolog, lugha iliyozaliwa Marseille mwaka 1972. Unaipa kanuni, jibu inalitafuta yenyewe.

Nikasakinisha maktaba ya kuunganisha lugha hizo mbili. Ikashuka chapchap, ikasema imefaulu. Kuiita tu, kosa: haioni libswipl, faili la injini yenyewe ya Prolog. Kumbe waliofunga wamefunga daraja peke yake. Injini ya Prolog nikaitafute mwenyewe! Nikaishusha kwa bando la simu, na hilo nalo likakata katikati. Nikanunua jingine. Ilipofika, ilikuwa ya biti 32 na Python yangu ya 64, na zisipolingana hazisemezani.

Saa saba ya usiku, thumuni ya mke bado sijaiona.

Vifurushi vya Python vinaweza kubeba maktaba zilizokwisha kukusanywa, kwa kila mfumo. Basi itieni injini humo humo. Ikishindikana, andikeni mstari wa kwanza kabisa: sakinisha Prolog kwanza, biti zilingane.