Kufungia video peke yake hakutoshi

Kuna mwandishi kaandika kwamba dawa ni kufungia video za nusu uchi ili mabinti zetu wawe na maadili, mi nakubali nusu tu. Hii kitu tushaijaribu jamani, Operesheni Vijana ya TANU Youth League, yaani umoja wa vijana wa chama tawala cha Tanzania enzi hizo, ilitangazwa 1968 ikaanza Januari 1969, wakapiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na hata krimu za kujichubua, kina dada wakazongwa pale Kariakoo, Dar es Salaam, na leo krimu ndo zimejaa madukani. Binti wa dada angu ana miaka 14, video chafu haangalii kabisa, anaangalia picha za kawaida tu zilizopitishwa filta, ngozi nyeupee kiuno cha nyigu, juzi kaniuliza mamdogo mbona mi mweusi hivi, niliumia sana. Sasa picha kama hiyo mtu kavaa zake gauni refu na mtandio juu, nani ataifungia?? Ufaransa tangu Oktoba 2017 tangazo lenye modo aliyepunguzwa umbo kwa kompyuta lazima liandikwe kwamba picha imerekebishwa. Na sisi tuanzie hapo, sio kila siku sketi za kina dada