Vielelezo Vilivyoingia Birikani

Nilipomwambia mama nimeacha benki naingia kwenye lishe, alinyamaza, akajifunga kanga vizuri, kisha akauliza: "Yaani umeacha mshahara ukawaambie watu wasile?"

Jibu la maana sijampa mpaka leo. Benki nilikuwa upande wa mikopo, Unguja mjini, tai shingoni, kiyoyozi kichwani, na mkuu wa kitengo aliyekuwa akiitisha kikao cha jioni ili tupange kikao cha asubuhi. Niliondoka kwa ridhaa yangu, nikarudi chuo.

Kazi yangu ya mwanzo ya kusimama mbele za watu ilikuwa Pemba, kijiji kimoja cha Micheweni, kuzungumza juu ya sukari. Nikashuka botini Mkoani na bango la PUNGUZA SUKARI, mzani mdogo wa jikoni, bilauri za kioo na kilo za sukari. Mtu anaweza kutoka benki, lakini hesabu haimtoki: nilitaka watu waione sukari kwa macho. Bilauri moja nikaitia gramu 35, ambazo ndizo zilizomo kwenye soda ya kola ya mililita 330, karibu vijiko tisa vya chai. Nyingine ya juisi ya dukani, nyingine ya chai za kutwa, na moja kubwa ya jumla. Pembeni nikaweka kibilauri cha gramu 25, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linaona ni bora mtu mzima asikipite kwa siku. Nikazipanga mezani barazani kwa sheha, chini ya bango, zinang'ara. Nikaenda kuswali laasiri, roho kunjufu.

Nilipotoka msikitini bilauri zipo, zimeoshwa. Zimefudikizwa kwenye sinia, zinachuruzika maji.

"Sukari yangu iko wapi?"

"Ipo, baba," akajibu bibi mmoja, birika mkononi, uso umemkunjuka. "Tumekuona umekuja na sukari yako, tukasema huyu mgeni mstaarabu, hataki kututia gharama. Karibu chai."

Ilikuwa chai ya rangi, ina hiliki na mchaichai, na utamu wa kugandisha midomo. Mgeni hakatai chai Pemba. Tena haikuja peke yake, ilikuja na haluwa ya Wete, ile ya kahawia inayometa samli, ambayo ukiimega kwa vidole inakufuata mpaka kiwiko. Nikaulizia kijiko. Hamna. Nikala kwa vidole huku baraza zima linanitazama nimeze. Kijana mmoja akapiga picha: mimi, tonge mdomoni, na juu ya utosi wangu PUNGUZA SUKARI. Magharibi haijaingia, picha imeshafika kwenye grupu la WhatsApp la wenzangu wa benki.

Nikazungumza hivyo hivyo, sina kielelezo hata kimoja. Walinisikiliza kwa adabu kubwa. Kufika maswali, la kwanza lilikuwa: "Kwani huko benki ulifukuzwa?" La pili halikuwa swali, mzee mmoja alitoa mfukoni mkataba wake wa mkopo wa mashine ya boti, akataka nimsomee pale pale. Nikamsomea. Kusema kweli hicho ndicho kipande cha mazungumzo kilichowakuna zaidi.

Ikabaki kupimwa sukari ya damu. Nesi wa kituo cha afya alikuja na kipimo chake, lakini kila mtu anamsukuma mwenziwe. Sheha akakata shauri: "Apimwe dokta kwanza, tuone." Nikasema mimi si dokta. Nikasema pia ngoja ninawe. Maji yalikuwa uani kwa wanawake, na sheha ameshanishika kidole cha shahada, kile kile cha haluwa. Nesi akakipitishia pamba kavu, akachoma. Sheha akakichukua kipimo, akakisoma kwa sauti ya kutangaza msiba:

"21.4!"

Pakawa kimya. Mtu asiye na kisukari, saa mbili baada ya kula, hutarajiwa awe chini ya milimoli 7.8 kwa lita ya damu. Kilichosomwa pale ni haluwa ya kidoleni iliyochanganyika na tone la damu, na kipimo hakina njia ya kujua ipi ni ipi. Nikaeleza yote hayo. Nikanawa kwa sabuni, nikakausha, nikapimwa mkono wa pili: 7.9, na chai yenyewe haijatimiza hata hizo saa mbili.

"Ya kwanza ndiyo ya kweli," sheha akasema. "Hii ya pili ulishajitayarisha."

Basi mkutano ukawa wangu mimi. Mmoja akaniagizia majani ya mlonge, mwengine karela, wa tatu akaniuliza kama nina mke na kama anajua. Yule bibi wa birika akakivuta kikombe mbele yangu taratibu. "Na haluwa uache, baba. Si nzuri kwa mtu kama wewe." Nyuma yake foleni imeshapanga, wazee kwa vijana, wote wananawa mikono kwa sabuni kwanza, wanataka kupimwa kabla hayajawafika yaliyonifika. Nesi aliishiwa vijiti vya kupimia.

Asubuhi nikasimama barabarani kusubiri gari ya kurudi. Ikaja imejaa mpaka mlangoni, utingo ananing'inia. Akanitazama, akamnong'oneza dereva.

"Wewe si yule dokta mwenye sukari? Hebu mpisheni mgonjwa akae!"

Kijana wa kiti cha mbele akainuka. Nikakaa.