Mishale Iliyokunywa Chai

Upinde wenyewe hauna neno. Ni upinde mrefu wa Kiingereza, ukiusimamisha unanipita kimo, na nilipewa na mzungu mstaafu wa Njoro aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Karibu na mshiko pameandikwa 50 na 28: ukiuvuta hadi inchi 28, unakuvuta nawe kwa nguvu ya ratili 50. Podo lilikuwa tupu. "Mishale tafuta inayolingana nao," aliniambia, "na usifanye haraka."

Hapa kwetu Bahati, Nakuru, watu walicheka. Tangu lini upinde ukachagua mshale? Kumbe upinde wa aina hii unachagua kweli. Hauna pengo la katikati la kupitishia mshale. Mshale unalala ubavuni mwa mti huku ugwe ukiusukuma kuelekea katikati, kwa hiyo ukiuachilia ni lazima ujipinde kama nyoka, uuzunguke mti, kisha ujinyooshe huko mbele. Ukiwa mgumu mno haujipindi vya kutosha, na kwa anayevuta ugwe kwa mkono wa kulia kama mimi, utakwenda kushoto. Ukiwa laini mno utakwenda kulia. Hilo la kulia lishike.

Kipimo chake ni cha kizamani. Unalaza kijiti juu ya misumari miwili iliyoachana inchi 26, yaani sentimita 66, unaning'iniza uzito wa ratili mbili katikati, halafu unatazama kimeinama kiasi gani. Kwa upinde wangu nilitaka kinachoinama milimita 13 hivi.

Fundi wangu wa mbao yuko mtaa wa Free Area. Alichonga lundo zima la vijiti vya mviringo kutoka kwa paini ya Elburgon, nyuzi za mbao zimenyooka toka ncha hadi ncha, kazi safi. Kilichokosekana ni ratili mbili, ambazo ni gramu 907. Mimi nilisema jiwe. Fundi akakataa katakata: jiwe utalipimia wapi, mwalimu, wakati sukari inapimwa dukani? Basi tukapimiwa sukari gramu 907 kwenye mzani wa dijitali, ikatiwa ndani ya kimfuko cha kitambaa (mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku tangu 2017), tukaitundika. Vijiti viwili vya kwanza nilipima mwenyewe. Halafu ikabidi nikimbilie darasani, nikawaachia vijana wa karakana maagizo: kinachoinama milimita 13 kiandikeni nambari kwa kufuatana, ambacho hakiinami hivyo wekeni kando.

Jioni nikakuta 12 vimeandikwa vizuri, mwandiko wa kupendeza. Nikavibandika manyoya ya bata mzinga, matatu kila mshale, yote ya bawa la upande mmoja kama inavyotakiwa. Ncha za chuma nikachomekea. Jumamosi nikaegemeza gunia la maranda kwenye ukingo wa udongo nyuma ya nyumba. Mzee jirani yetu, mtu wa Baringo, akaja na kigoda chake kabisa.

Nambari 1 ikagonga katikati. Nambari 2 ikakaa karibu yake. Mzee akaguna kwa heshima. Nambari 3 ikasogea kulia kidogo, ya 4 zaidi, ya 5 ikashika pindo la gunia.

"Legeza bega, kijana," mzee akasema.

Nikalegeza. Ya 6 ikaingia kwenye udongo, kulia. Nikalenga kushoto, ya 7 ikaenda kulia vilevile. Mzee akahamisha kigoda. Akasema ni pumzi, nikazuia pumzi. Akasema ni viatu, nikavua. Kila nambari ikipanda, mshale unazidi kuwa na mawazo yake. Ya 11 ikakata shuka iliyoanikwa, yangu, nashukuru. Ya 12 ikapaa juu ya ua, tukasikia "tup!", halafu maji.

Lilikuwa tanki la mama jirani, la lita 1,000, na lilikuwa limejazwa asubuhi hiyo.

Mzee alilitazama kwa utulivu. "Kwetu mshale wa kumtoboa ng'ombe mshipa wa shingo tunaufunga kizuizi nyuma ya ncha, usizame. Anatoa damu ya kutosha, kisha anarudi malishoni." Akatikisa kichwa. "Hili halitarudi malishoni."

Jumatatu nikaenda karakana, nikakichukua kimfuko hadi dukani, nikakiweka kwenye mzani. Gramu 640.

Kijana mdogo kuliko wote ndiye aliyesema. "Ni ile chai ya saa nne, mwalimu. Halafu wakaja watu wa lori la mbao, nao wakanywa. Halafu ikawa saa kumi." Akaongeza, kama vile inasaidia: "Lakini tulikuwa tunateka kidogo kidogo."

Uzito ulikuwa unapungua, kwa hiyo kijiti kinachoinama milimita 13 kilizidi kuwa kijiti dhaifu. Pale nyuma ya nyumba nilikuwa nimepiga ratiba yao nzima ya chai: ya 3 ndiyo saa nne, ya 9 lori limefika. Na vile vigumu, vilivyokataa kuinama kwa sukari pungufu, ndivyo hasa upinde ulikuwa ukivitaka!

"Viko wapi vile vya kando?" nikauliza.

Fundi akapata shughuli ya ghafla kwenye randa. Vilikuwa vijiti vizuri, alisema, vimenyooka, ingekuwa dhambi kuvichoma. Alivipigilia kuwa fito za kizimba cha kuku. Kizimba kimeshauzwa.

"Kwa nani?"

Akanitajia. Nilienda jioni, mikono nyuma. Mama alikuwa akiziba tanki kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nikamweleza habari ya ugwe, milimita 13 na sukari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akachungulia ndani ya kizimba.

"Kuku ameanza kuatamia leo," akasema. "Rudi baada ya siku 21. Na uje na tanki."