Chumvi Ndiyo Inayokula Milango Yetu

Sisi wenye nyumba wa Malindi, hasa tulio upande wa baharini kuanzia Shela hadi Casuarina, tuna mazoea ambayo natamani tuyaache. Mlango wa gereji ukianza kutoa kutu tunamwita fundi, anaupaka rangi, unang'aa miezi michache, halafu rangi inavimba na kubanduka. Hapo tunamlaumu fundi, tunalilaumu duka la rangi, na mwisho tunailaumu mvua ya masika. Mvua inaonewa.

Kautazame mlango wako wa chuma vizuri. Mara nyingi upande wa nje unaopigwa na mvua una afadhali. Kutu imejazana kwa ndani, nyuma ya bawaba, chini ya ukingo wa paa na pale mabati yanapopishana, yaani mahali ambapo mvua haifiki kuosha. Upepo wa bahari unaleta matone madogo ya maji ya chumvi. Maji yanakauka, chumvi inabaki. Chumvi hiyo huanza kuvuta maji hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, na usiku huku pwani unyevu hupita hapo mara kwa mara. Kwa hiyo chuma kinalala kimelowa hata katikati ya kaskazi, wakati hakujanyesha tone.

Ndiyo maana swali ninaloulizwa zaidi, "nipake rangi gani?", naona limeanzia mwisho. Rangi ikipakwa juu ya chumvi, hata iwe ya bei gani, chumvi iliyobaki chini huvuta unyevu kuupitisha kwenye rangi yenyewe, na hapo ndipo vinapotokea vile vilengelenge. Kitoboe kimoja kwa ncha ya bisibisi: ndani utakuta majimaji na unga wa kutu. Kazi inayofaa ni kukwangua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane, kuosha kwa maji matamu, kuacha kikauke kabisa, kisha kupaka praima, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo, kabla upepo wa jioni haujaleta chumvi nyingine. Rangi ya juu inafuata. Fundi akikuambia kukwangua kutachukua siku nzima, mlipe siku nzima. Fedha tunazobana hapo tunakuja kuzitoa mara mbili.

Nasisitiza maji matamu kwa sababu visima vingi vya mjini kwetu vina maji ya chumvichumvi, na nimewaona watu wakiosha mageti kwa maji hayo hayo na kudhani wanasaidia. Tumia ya mfereji au ya mvua uliyokinga. Ndoo moja na kitambaa vinatosha, ila usisahau upande wa ndani na ukingo wa chini, ambapo maji hujikusanya na bati huanza kuoza kabla ya pengine pote. Kwa nyumba iliyo karibu na ufuo, kuosha mlango kila wiki mbili si kupita kiasi.

Sasa springi. Hapa naomba tusifanye mzaha. Ile springi iliyo juu ya mlango wa kupandisha ndiyo inayobeba uzito wote, na imekazwa kwa nguvu za kumvunja mtu mkono au kumpasua uso. Springi za kawaida hutengenezwa kwa takriban mizunguko 10,000 ya kufungua na kufunga. Ukifungua mara nne kwa siku, hiyo ni karibu miaka saba. Kwa chumvi yetu usitegemee kufika huko, maana kutu hutoboa vishimo vidogo kwenye waya, na hapo ndipo unapokatikia. Dalili zipo: mlango umekuwa mzito ghafla, unapanda umeinama, au mota inanguruma bila kuinua. Mlango ukiwa umefungwa, tenganisha mota kwa kuvuta kamba nyekundu inayoning'inia, inua mlango kwa mkono hadi nusu, kisha uachie taratibu. Ukikaa palipo, springi ni nzima. Ukishuka wenyewe, imechoka.

Linaloniudhi ni kwamba nyumba nyingi za wageni hapa hufungwa msimu wa kusi, milango inakaa miezi bila kuguswa, na siku mwenyewe anapopiga simu kwamba yuko njiani, mlinzi ndiye anayeambiwa "rekebisha hiyo springi". Mlinzi si fundi wa springi. Mwenye villa ya mamilioni hashindwi kumlipa anayeijua kazi hiyo na mwenye vyuma vyake maalumu vya kuilegezea. Mlinzi mwachie kazi nyepesi: kuufungua na kuufunga mlango kila wiki na kuupangusa.

Kuhusu mafuta, grisi nzito kwenye reli ni kosa, kwa sababu inashika mchanga na magurudumu yanasagika. Reli ipanguswe tu ibaki kavu. Bawaba, springi na beringi za magurudumu zipuliziwe mafuta ya silikoni. Stima ikipotea, ile kamba nyekundu inayoning'inia hutenganisha mota, lakini ivute mlango ukiwa umefungwa. Springi ikiwa imekatika na mlango uko juu, utakuangukia.

Mwenye mlango wa mbao hana shida ya kutu, ila mbao hufura wakati wa masika na mlango ukakwama. Usikimbilie randa. Ukiuranda umelowa, kaskazi ikifika utabaki na mwanya wa kupitisha paka. Ngoja ukauke, kisha upake vanishi pande zote, pamoja na ule ukingo wa chini ambao mafundi huuruka.

Na anayejenga sasa hivi, akinisikiliza, anunue bati lililochovywa zinki badala ya chuma cheusi cha kupaka rangi. Zinki huliwa kwanza na kukilinda chuma, hata pakikwaruzika kidogo. Boliti nazo ziwe zilizochovywa zinki vilevile, na popote fundi atakapochomelea, zinki inaungua, kwa hiyo pale papakwe rangi ya zinki kabla hajafungasha vyombo vyake.