Lubega haikuwa aibu

Ukitoka Arusha kuelekea Ngorongoro huwakosi: vijana wa Kimasai kando ya barabara, nguo nyeusi tii, nyuso zimechorwa kwa rangi nyeupe. Gari la watalii linasimama, picha zinapigwa, hela kidogo inatolewa, safari inaendelea. Ni nadra mtu kuuliza kwa nini wao wamevaa nyeusi na si nyekundu. Wametoka kutahiriwa. Si layoni tena, yaani wavulana wasiotahiriwa, ila umorani hawajaufikia, na nguo ndiyo inayowatangazia watu hivyo kabla hawajafungua kinywa.

Shanga nazo zina maneno yake. Nyekundu ni damu na ushujaa, bluu ni mbingu iletayo mvua, kijani ni majani ya malisho, nyeupe ni maziwa. Mvua, majani, maziwa: yote hayo yanamzunguka ng'ombe tu. Wanaozitunga ni akina mama, na jinsi mwanamke alivyojipamba, wenzake wanajua kama ameolewa.

Wapo wanaobeza kwamba shanga zililetwa na biashara kutoka Ulaya na shuka hutoka kiwandani, zamani Wamasai walivaa ngozi, basi asili iko wapi? Siikubali hoja hii hata kidogo. Kanga zimechapwa Uholanzi na India miaka nenda rudi, na hakuna atakayemwambia bibi wa Mombasa kwamba kanga si yake. Nguo inakuwa ya watu kwa kazi wanayoipa.

Kinachoniuma ni mwaka 1968. Viongozi wa Mkoa wa Arusha waliendesha kampeni ya kuwavisha Wamasai suruali na magauni. Lubega, yaani shuka iliyofungwa begani, na kujipaka rangi nyekundu vikapigwa vita kwa jina la maendeleo, kana kwamba mtu aliyejifunga shuka ni doa kwa taifa changa. Leo shuka ileile imejaa kwenye matangazo ya utalii wetu, na anayeivaa huwa wa mwisho kuulizwa chochote.

Ninataka kampeni ile iandikwe kwenye vitabu vya historia vya sekondari, waziwazi, na wazee wa Kimasai walioiona kwa macho wahojiwe wangali hai. Na anayetumia picha ya Mmasai kuuza safari amwombe ruhusa kwanza, kisha amlipe.