Mjusi wa Tendaguru alivyonikalisha kwenye beseni la mihogo

Najua video yangu nikianguka kwenye maonyesho ya Sabasaba mmeshaiona. Mshikaji wangu kairusha stetasi toka jana, kaandika "jamaa kapigwa na dainosa", na shangazi yangu wa Lindi kapiga kuuliza nimelazwa hospitali gani. Niko nyumbani, shangazi. Ila video imekatwa pabaya, kwa hiyo acheni mwenye makalio yake aeleze.

Sabasaba kuna banda lilifunga skrini ukuta mzima. Kwenye skrini kuna kivuli cha mjusi wa Tendaguru, yule dainosa wa kule Lindi ambaye Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913 wakamsafirisha Berlin, na hadi leo kasimama huko, kimo mita 13 na ushee. Wenzetu wana mifupa, sisi tumewekewa kivuli. Haya. Unapakua programu, unalenga skrini kwa kamera, mifupa inatokea hewani mbele yako. Ujanja uko hapa: kila simu inaona mifupa yake tu. Mimi nina fuvu na shingo, dada mmoja wa mtandio wa kijani ana mbavu, mzee wa kanzu ana mkia. Msiposemeshana, mjusi hasimami. Basi watu wasiojuana hata kwa salamu wanapigiana kelele: "Mzee, shusha mkia!" "Nishushe wapi, we si ndiyo una kiuno?" Raha tupu.

Sasa shingo ya yule mnyama haienei kwenye simu. "Kaka, rudi nyuma," akasema dada wa mbavu. Nikarudi. "Bado, fuvu limekatika." Nikarudi tena, mikono juu, macho kwenye simu. Kivuli cha turubai kikaisha, jua likanipiga kisogoni, nikajua hapa ndiyo penyewe. (Mnaouliza kwa nini sikugeuka: ukigeuka kamera inapoteza skrini, na shingo inapotea. Timu ilikuwa inanitegemea!)

Kisigino kikakanyaga kitu laini. Pindo la kanga. "We!" ikasema kanga. Nikanyanyua mguu kwa adabu. Na mguu wa pili, sijui ulipatwa na nini, nao ukataka kuonyesha adabu.

Nikashuka. Nilishuka polepole kabisa, nikapata hata muda wa kufikiria suruali ni mpya. Kisha nikasikia mihogo ya kukaanga ikivunjika chini yangu, mmoja, mwingine, mwingine. Halafu ubaridi. Halafu ule ubaridi ukaanza kuwasha. Bakuli la pilipili.

Na mnachosahau ni kwamba picha ya simu yangu ilikuwa inaonekana kwenye kona ya ile skrini, watu wote waone shingo inavyokwenda. Simu ilidondokea mapajani, kamera ikitazama juu. Programu haikuiona tena skrini, ikalipachika fuvu kwenye kilichokuwa mbele yake. Banda zima likaona tundu za pua yangu, na mimi nimemvaa mjusi.

Mama wa mihogo hakuangalia skrini. Aliniangalia mimi. "Baba, unanyanyuka, au nikuongezee na chumvi?"

Nikalipa beseni zima, nikanunua kanga ya kujifunga kiunoni, nikashika njia. Getini nikamwona mzee wa kanzu ananikimbilia, simu mkononi, anahema. Nikasema angalau mmoja kaja kunipa pole.

"Kijana," akasema, "umeondoka na shingo yetu."